Mashine Inayosomeka

Seva ya Linux iliyosimikwa bila mazingira ya picha haina cha kumwonyesha mpita njia. Haina madirisha wala kipanya, aghalabu haina hata skrini. Imelazwa kwenye fremu pamoja na wenzake, feni zikivuma. Lakini ndani ya chuma hicho kimoja huenda zimo mashine pepe kumi au ishirini, kila moja ikijiona ina prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake: moja inabeba barua pepe za chuo, nyingine hazinadata ya hospitali, nyingine tovuti ya halmashauri. Anayezitunza yuko mbali, na huzitunza kwa maneno anayoyachapa. Ufundi huu umeanza kuonekana kuwa mambo ya wazee. Kijana akiingia kazini hukabidhiwa ukurasa wa kivinjari wenye vitufe, akaambiwa bonyeza hapa kuwasha na pale kuzima, naye akahesabiwa kuwa amefunzwa. Nataka kuutetea ufundi wenyewe. Siutetei kwa ugumu wake, kwa sababu ugumu peke yake si sifa. Nautetea kwa kuwa unaigeuza mashine kuwa maandishi, na kilichoandikwa huweza kusomwa, kukosolewa na kurithiwa.

Wapo wanaosema kuchapa amri ni masalia ya enzi ya uhaba wa vifaa, na kwamba binadamu aliacha kuchapa mara tu alipopata picha. Kuhusu mashine pepe, ukweli ni kwamba zilizaliwa ndani ya maandishi. Kuanzia mwaka 1964, katika maabara ya IBM mjini Cambridge, Massachusetts, kikundi kilichoongozwa na Robert Creasy kilitafuta njia ya kuigawa kompyuta moja kubwa ili kila mtumiaji aione kana kwamba ni yake peke yake. Mwaka 1972 matunda ya kazi hiyo yakatolewa kwa wateja kwa jina la VM/370. Watumiaji wengi wa miaka ile walikaa mbele ya vifaa vilivyofanana na taipureta, na kompyuta iliwajibu kwa kuchapa kwenye karatasi. Uhaba ulikuwepo, sikatai. Ila kazi ya siku nzima ilibaki mezani, swali na jibu lake kwa mfuatano, na mwenzako angeweza kuishika karatasi hiyo akaonyesha kwa kidole mahali ulipokosea.

Nasaba ya baadaye nitaipitia kwa haraka. Mwaka 2003 Mfaransa Fabrice Bellard alitoa QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima. Mwaka 2005 Intel, na mwaka uliofuata AMD, wakaanza kuuza prosesa za kawaida zenye uwezo wa kubeba mashine pepe bila kuchechemea. Februari 2007 KVM, moduli ya kuendesha mashine pepe aliyoianzisha Avi Kivity, ikaingia katika kiini cha Linux toleo la 2.6.20. Kabla yake, mwaka 2005, Daniel Veillard alikuwa ameanzisha libvirt, maktaba ya kusimamia mashine pepe, ambayo ndani yake imo virsh, amri ambayo mafundi wengi wameishi nayo tangu hapo. Kilichokuwa mali ya mashirika yenye kompyuta kubwa kikaweza kufanyika kwenye seva ya kawaida, bila leseni ya kununua.

Sasa litazamwe jambo moja kwa utulivu, kwa maana ndilo moyo wa ufundi huu. Chini ya libvirt, kila mashine pepe inaelezwa na faili la maandishi, na kwa kawaida utalikuta katika saraka ya /etc/libvirt/qemu. Toa amri ya virsh dumpxml ukiandika na jina la mashine, nayo itajieleza yote: kumbukumbu iliyopewa, idadi ya prosesa, mahali lilipo faili la diski yake, daraja la mtandao ilikounganishwa, hata anwani ya kadi yake ya mtandao, ambayo kwa desturi ya QEMU huanza na 52:54:00. Aliyezoea kusoma hapa haoni vipimo peke yake, anamwona aliyemtangulia. Ikiwa diski ni ya muundo wa qcow2, huenda mtu alitaka kupata nakala za hali ya mashine kwa urahisi. Ikiwa ni raw, pengine alitanguliza kasi na wepesi. Akikuta mgeni, yaani mashine pepe, wa Linux amepewa diski ya kuiga IDE ilhali virtio, njia iliyoundwa kwa ajili ya mashine pepe, ipo na ina kasi kubwa zaidi, anashuku kwamba faili hili lilitoka katika mfumo mwingine na hakuna aliyelipitia lilipofika. Uamuzi wa watu, uzembe wao na busara yao vimo humo kwa mistari. Linganisha faili la leo na la mwaka jana kwa amri ya diff, na utaona neno kwa neno kilichobadilishwa. Liweke katika git, programu ya kutunza historia ya mafaili, na utajua pia aliyelibadilisha na maelezo aliyoyaacha. Na faili hilo lina ukali wake. Ukilihariri kwa virsh edit ukasahau kufunga alama moja, halipokelewi. Unaulizwa kama unataka kurudi ukasahihishe, kama ustadhi wa chuoni anayemrudisha mwanafunzi mwanzo wa aya kwa irabu moja tu. Wanaoliona hilo kuwa usumbufu hawajafikiria gharama ya mashine inayokubali kila inachoambiwa.

Hata kuwaka kwa mashine husomeka. Fundi anayesimika mgeni bila skrini huiambia virt-install, amri ya kuunda mashine pepe, isiweke picha, kisha humwelekeza mgeni huyo kwa maneno console=ttyS0 azungumze kupitia lango la serial. Akisahau, atafungua konsoli asikute kitu. Akikumbuka, mbele yake itapita safari yote: kiini kikihesabu kumbukumbu, kikizitambua diski, huduma zikisimama moja baada ya nyingine mpaka mgeni aombe jina la mtumiaji. Safari ikikatika katikati, mstari wa mwisho mara nyingi unataja kilichoikata, na mstari huo unanakilika, unatafutika, unatumwa kwa mwenzako ukafika ulivyo. Siku hizi tunatumiana picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imepinda, mwanga wa dirisha umefunika nusu ya maneno, na namba ya kosa imekatwa na ukingo. Mpokeaji anakaza macho kukisia tarakimu ambayo seva ilikuwa tayari kumtamkia waziwazi.

Pingamizi la kwanza lina uzito, na silikwepi: maandishi ni hatari. Amri ya virsh shutdown humwomba mgeni ajizime kwa utaratibu, ilhali virsh destroy humkatia umeme papo hapo bila kuuliza. Diski haifutwi, lakini data iliyokuwa haijaandikwa diskini inaweza kupotea. Amri ya virsh undefine ikipewa nyongeza ya kufuta na diski zake, inafuta. Mtu aliyechoka, saa nane za usiku, anaweza kuandika jina la mashine isiyokuwa yake. Ni kweli. Lakini kitufe nacho hubonyezwa kwa uchovu, na dirisha la kuuliza kama una hakika limezoeleka kiasi kwamba mkono hulijibu kabla ya macho kulisoma. Tofauti iko kabla na baada ya tendo. Amri inaweza kuandikwa mchana, ikasomwa na watu wawili, ikajaribiwa kwenye mashine isiyo na thamani, ndipo ikatumika usiku. Na ikileta madhara, inabaki katika kumbukumbu za terminali ikisema hasa kilichofanyika. Kubonyeza hakuna rasimu, na aliyebonyeza akiulizwa kesho yake alifuata hatua zipi, kwa kawaida hukumbuka nusu.

Wengine watasema mwanafunzi anahitaji picha ili aelewe. Nakubali, na wala sina ugomvi na zana za picha. Virt-manager, kwa mfano, ni chombo kizuri. Chaweza kukaa kwenye kompyuta ya fundi na kuifikia seva ya mbali, nacho hupitia libvirt ileile na kubadilisha maelezo yaleyale. Anayeanza na picha kisha akafungua faili kuona picha imeandika nini yuko njiani. Ninayemsikitikia ni yule aliyefundishwa kwamba nyuma ya picha hakuna kitu cha kumhusu.

Kuna na hoja ya njia ya mtandao, ambayo Afrika Mashariki haina haja ya kuhadithiwa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Katika hali kama hiyo, paneli ya kivinjari, yenye picha zake na hati zake nyingi za kupakuliwa, huzunguka tu bila kufunguka. Herufi moja inayopita ndani ya SSH, itifaki aliyoibuni Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995, hubebwa na baiti chache, na hupenya palipobaki upenyo. Ikiwa njia imekatika kabisa, hakuna kinachopita. Ila njia zetu hudhoofika mara nyingi zaidi kuliko zinavyokatika, na ni katika udhaifu huo fundi wa maandishi huendelea na kazi yake.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wingu na la otomatiki: kwamba mashine mia haziwezi kutunzwa kwa mkono, na kwamba siku hizi yote haya hukodiwa tu. Otomatiki ni mtoto halali wa ufundi huu, kwa sababu inawezekana pale tu mashine ilipokwisha kuwa maandishi. Tatizo ni kuichukua bila kuisoma. Mtu anatoa nakala za mashine moja kwa virt-clone bila kuzipitisha kwenye virt-sysprep, inayofuta vitambulisho vya mashine ya awali, kisha anashangaa nakala zote zina funguo zilezile za SSH na namba ileile ya utambulisho. Mwingine anaiomba programu ya akili mnemba amri, anaibandika, inafanya kazi, naye anaenda zake. Na kuhusu kukodi, mwisho wa mwaka 2023 Broadcom ilipokamilisha ununuzi wa VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, ilisitisha kuuza leseni za kudumu, na wateja waliojenga kila kitu juu ya paneli za VMware wakajikuta mbele ya masharti mapya. Kuhama kunagharimu kila mtu. Hata hivyo, anayejua mashine yake imeundwa na nini huanza safari akiwa na orodha mkononi, na asiyejua huanza kwa kuajiri wa kumweleza anachomiliki.

Zana hizi hazijaondoka. Mwongozo wake, kwa amri ya man virsh, hufunguka kwenye seva yenyewe, hata intaneti ikiwa imezimika. Kinachopungua ni wasomaji, na waandishi zaidi yao. Libvirt imetenga ndani ya maelezo ya kila mashine nafasi ya maneno ya kibinadamu, na kuna amri ya virsh desc kwa ajili hiyo tu: uandike mashine hii ni ya nani, iliombwa kwa kazi gani, na nani aulizwe kabla ya kuizima. Ni kazi ya dakika moja. Nafasi hiyo mara nyingi huachwa tupu. Aliyeiwasha mashine akihama idara, au akistaafu, inabaki na jina kama test2, inakula umeme na kumbukumbu mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayethubutu kuizima kwa kuwa hakuna tena anayejua ni ya nani.