Mvua ya Tukuyu Si ya Msiba

Wenzangu wa kalamu, hebu tuulizane: kwa nini kila mvua katika hadithi zetu inaleta balaa? Mhusika akifa, mawingu yanatanda. Akiachwa na mchumba, baridi inamtafuna.

Mwandishi wa Dar es Salaam simlaumu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu majumbani kule Jangwani. Anaandika hofu anayoijua. Lakini sisi wa Tukuyu je? Huku mvua inaanza Novemba hadi Mei, na kwa mwaka inapita milimita 2,000. Mtu anakata jani la mgomba, anajifunika, huyoo shambani! Ikichelewa ndipo nyuso zinakunjamana, maana chai, ndizi na viazi vinaitegemea. Na baridi ya Juni ndiyo inayotukusanya motoni, hadithi zikatoka.

Hata kugawa mvua kuwa vuli na masika si kwetu. Sisi tuna msimu mmoja mrefu. Tunanakili tu.

Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971) alianza na kwao, Ukerewe. Nasi tuandike Rungwe yetu. Riwaya yangu itaanza na mvua, na hafi mtu.