Walinzi wa Mwamba Uliofungwa

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, lakini visiwa vilivyomo havina haja moja. Juani kuna mashamba. Jibondo ni mawe: kilimo haba, maji ya kunywa hukingwa ya mvua, na riziki karibu yote hutoka baharini. Kanuni inayomfaa mtu wa Juani yaweza kumlaza njaa wa Jibondo.

Ndiyo maana nawavulia kofia wanakamati wa vikundi vya vijiji vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), wanaokaa na wavuvi kubishana mwamba upi ufungwe, na kwa miezi mingapi, ili pweza akue. Ubishi huo si mdogo. Wanaume huzamia, wanawake hutembea juu ya mwamba maji yakitoka, mchokoo mkononi. Ukifunga mwamba wa karibu, umemfungia mama asiye na mtumbwi. Lazima afikiriwe kabla muhuri haujapigwa.

Mwamba ukishafungwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Bamvua likitoa maji mbali, usiku kwa mchana wanalinda, wakiwazuia wavuvi wa kuja na, mara nyingine, binamu zao wenyewe. Hilo la pili ndilo zito zaidi. Siku ya kufungua wanasimama dikoni na mizani: pweza asiyefika gramu 500 hapiti, hata aliyemleta akiwa jirani wa mlango kwa mlango.

Wengi wao hawana mshahara. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa pweza ziwatengee, angalau, mafuta ya boti.