Daraja na Cheo katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

Daraja na cheo ni maneno yanayokaribiana sana katika Kiswahili, na aghalabu moja hushika mahali pa jingine. Hata hivyo maana zake si moja. Daraja ni kipandio cha ngazi, na mtu aweza kukihesabu akiwa peke yake chumbani. Cheo hakihesabiki hivyo, kwani hakipo mpaka wawepo watu wengine wanaokikubali, wanaokitii au wanaokichukia. Tofauti hii yafaa kuupimia mchezo mmoja ambao wahakiki wengi wa fasihi huupita bila kuutazama.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 kutoka mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Wachezaji huketi mezani. Kila mmoja hujitwalia mtu wa kubuni na kusema atendalo. Msimamizi huwaeleza wayaonayo, na dadu huamua penye shaka. Ni hadithi itungwayo na vinywa vingi kwa pamoja, wala haina hadhira ila watungaji wenyewe. Kwa hiyo kanuni zake zastahili kusomwa kama zisomwavyo bahari za ushairi: hazisemi hadithi itakuwa nini, lakini huamua ni hadithi gani iweze kusimuliwa na ni ipi ishindikane.

Mzazi wa mchezo huu ni Chainmail, kitabu cha mwaka 1971 chenye kanuni za vita vinavyochezwa mezani kwa sanamu ndogo za askari. Humo shujaa alihesabiwa sawa na askari wanne, na shujaa mkuu sawa na wanane. Kitabu cha 1974 kilipokuja, mpiganaji wa daraja la nne akaitwa shujaa, na wa daraja la nane shujaa mkuu. Hesabu ilibaki ile ile. Basi daraja kwa asili yake lilikuwa idadi ya watu ambao mtu mmoja aliweza kusimama badala yao vitani. Halikuwa na habari ya nasaba, wala ya malezi, wala ya adabu.

Juu ya hesabu hiyo yakavikwa majina. Mpiganaji alipanda kutoka jina hadi jina, hata alipofika daraja la tisa akapewa jina ambalo Kiswahili chaweza kulifasiri vizuri kwa neno “mwinyi”. Alihitaji alama 240,000 za uzoefu, na nyingi katika hizo zilitokana na mali: sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa shimoni iliweza kuleta alama moja. Huu ni umwinyi wa ajabu. Katika Ulaya ya karne za kati bwana alizaliwa bwana, au alipewa ardhi na aliye mkubwa kuliko yeye, naye akamwapia utii. Hapa hakuna kiapo wala mtoa ardhi. Mtu asiye na ukoo huingia shimoni maskini, hutoka na gunia, na gunia likitimia kiasi kilichoandikwa, yeye ni mwinyi. Vazi ni la Ulaya ya kale, lakini mwili ni wa Marekani, nchi ipendayo mno hadithi ya mtu aliyejiinua kwa mikono yake.

Kwamba watungaji hawakujali sana taratibu halisi za vyeo, orodha ya makasisi yatosha kuwa shahidi. Humo kasisi mwenye parokia amewekwa daraja moja chini ya yule ambaye, katika kanisa la Uingereza, ndiye msaidizi wake. Juu ya askofu akawekwa lama wa Tibeti, na juu ya lama akakalishwa patriaki. Mtu wa kanisa hawezi kuisoma orodha hiyo asicheke.

Ingekuwa rahisi kuhukumu ya kwamba majina hayo yalikuwa mapambo matupu. Hukumu hiyo si sahihi. Mpiganaji aliyefika daraja la tisa na kujenga ngome alipata, pamoja na jina, watu. Kanuni zilimpa kodi ya sarafu kumi za dhahabu kwa kila mkazi kwa mwaka, zikamruhusu kutumia fedha katika barabara, majumba ya ibada na biashara. Na hapo hapo, kwa maneno machache mno, zikaweka sharti. Mtawala akitenda uovu usiosameheka, msimamizi aweza kuwainua wanakijiji wenye hasira, wamsumbue hata anyooke. Aya hiyo ndogo ina uzito kuliko majedwali mengi ya silaha. Ndipo daraja lilipogeuka kuwa cheo. Mtu ambaye kwa vipandio vinane hakujibu kwa yeyote ila kwa dadu, sasa ana watu wanaoweza kumkataa, na hakuna upanga wa kulimaliza jambo hilo.

Wako walioona kasoro ya nasaba wakajaribu kuiondoa. Chivalry & Sorcery, kazi ya Ed Simbalist na Wilf Backhaus iliyotoka mwaka 1977, iliacha dadu liamue mtu azaliwe katika tabaka gani kabla hajashika upanga. Greg Stafford, katika Pendragon ya mwaka 1985, aliyatupa madaraja kabisa akaweka utukufu, ambao mwana hurithi sehemu yake kwa baba. Hii ya pili ndiyo bora, kwa sababu utukufu ni habari zinazosemwa na watu, wala si nguvu iliyofichwa mwilini.

Mchezo wenyewe ulikwenda njia nyingine. Toleo la 1978 bado lilikuwa na makuhani wa misitu ambao viti vyao vya juu vilihesabiwa: tisa wa daraja la kumi na mbili, watatu wa kumi na tatu, mmoja wa kumi na nne, aliyetaka kiti sharti amshinde mwenye nacho. Mwaka 1989 majina ya madaraja yakafutwa, na wachache waliyalilia. Katika toleo la 2014 uungwana umekuwa asili ambayo mchezaji huichagua siku ya kwanza. Muungwana wa daraja la kwanza hukaribishwa katika majumba ya wakubwa, na mtoto wa mitaani aliyefika daraja la ishirini, awezaye kuua joka, kanuni hazimpi hata kiti cha kukalia. Matoleo ya 2024 yaliondoa hata ule ukaribisho. Yamerudisha lakini makao: kuanzia daraja la tano mtu aweza kuwa na ngome yake, yenye maktaba, karakana na watumishi wa kuajiriwa. Kodi haimo, wala wanakijiji hawakurudi.