Pete ya Uchumba: Jiwe Litazame Kivulini

Taa za duka la sonara zina kazi yake. Chini ya balbu kali hata zirkonia ya bei chee humeta. Omba ruhusa ulisogeze jiwe mlangoni, penye kivuli. Almasi iliyochongwa vizuri bado itarudisha mwanga, weupe na weusi vikipishana kila ukiigeuza. Iliyochongwa bapa mno itakuonyesha kidole chako katikati. Nene mno, tumbo lake litakuwa giza.

Muuzaji huanza na karati. Mimi huziweka mwisho. Karati 1 ni gramu 0.2 tu, na fundi mwenye tamaa huuacha uzito chini ya jiwe, mahali asipoona mtu. Ile almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, aliyozawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, ilikuwa na karati 54.5 ikiwa ghafi. Ilipochongwa ikabaki 23.6. Zaidi ya nusu ilitolewa kafara, wala hakuna aliyejuta.

Rangi ipime kwa kulilaza jiwe kifudifudi juu ya karatasi nyeupe. Umanjano kidogo si neno kama pete ni ya dhahabu ya njano, na utaokoa fedha. Chini ya lensi ya mara 10, vidoadoa vidogo visamehe. Ufa uliofika ukingoni usiukubali. Ukiliinamisha jiwe na mistari ya nyuma ikaonekana miwilimiwili, hiyo ni moisanaiti, si almasi. Kifaa cha kupima joto hakitofautishi almasi ya ardhini na ya maabara, ambayo nayo ni almasi kweli lakini bei yake iko chini sana. Basi dai cheti.

Ila mtu wa Kilosa au Mikumi anayetazama almasi peke yake ananishangaza. Kutoka njiapanda ya Mikumi, ukipita Kidatu na Ifakara na kuvuka Mto Kilombero, unafika Mahenge, kwenye spineli, jiwe la wekundu wa waridi lililotikisa soko la dunia mwaka 2007, yalipoibuka Ipanko mapande makubwa ajabu, moja likizidi kilo 50. Iliyo bora huonekana kuwaka hata kivulini. Ikielekea ukahawia, bei nayo ishuke. Ugumu wake ni 8. Tanzanaiti, pamoja na uzuri wake wote, ni kati ya 6 na 7, na mimi nisingeivisha mkono unaosugua sufuria na kushika jembe kila siku, iwe hereni. Usinunue ghafi kwa mtu wa njiani: biashara hiyo inataka leseni. Chukua iliyochongwa, yenye risiti.

Kisha geuza pete. Ndani tafuta muhuri wa 750, yaani dhahabu yenye usafi wa karati 18. Jiwe likae chini, likamatwe na kucha 6 badala ya 4. Halafu pitisha kanga juu yake: ukinasa uzi hata mmoja, mrudishie sonara azisugue kucha kabla hujalipa.