Mwalimu na Mdoli Wake

Muuguzi aliyeajiriwa juzi idara ya dharura huja na cheti, leseni na majibu yote. Muulize kifua cha mtu mzima ambaye moyo wake umesimama kinabonyezwa mara ngapi kwa dakika, atakwambia 100 hadi 120, kina cha sentimita 5 hadi 6, pumzi 2 kila baada ya mibonyezo 30. Hajakosea hata moja. Sasa mpigishe magoti mbele ya mdoli wa mazoezi: viwiko vinakunjika kama vya mtu anayekanda unga wa chapati.

Hapo ndipo kazi ya mwalimu huanza, na kwangu ni ufundi usiosifiwa vya kutosha. Mwalimu mzuri hahutubii. Humgusa kiwiko: nyoosha. Humsogeza mpaka mabega yaje juu ya viganja, ili uzito wa mwili ndio ubonyeze. Kisha humfundisha jambo ambalo wageni wengi hulidharau, nalo ni kuachia. Kifua kisiporudi juu chote, moyo haujai damu vizuri, na mbonyezo unaofuata husukuma kidogo. Kubonyeza kila mtu hukuona. Kuachia kunataka jicho la fundi.

(Mdoli nao una historia yake. Aliyeutoa mwaka 1960 ni Åsmund Lærdal wa Stavanger, Norwei, mtu aliyekuwa akitengeneza midoli ya watoto.)

Ninachokipenda zaidi ni somo la sauti. Mgeni hufundishwa kurudia agizo kabla ya kulitimiza: "Adrenalini miligramu 1, naandaa." Halafu: "Adrenalini imeingia." Hufundishwa pia kumwambia bingwa, bila kunong'ona, "Daktari, dakika mbili zimetimia, abadilishwe anayebonyeza." Kwetu mdogo hamkatizi mkubwa. Adabu hiyo ni njema sebuleni. Kando ya kitanda cha mgonjwa asiye na mapigo, inaua. Basi mwalimu anayeijua kazi hujifanya yeye ndiye daktari, akasahau muda makusudi, akangoja aone nani atafungua mdomo. Kimya kile kikirefuka, hakikatizi. Sista mmoja akithubutu, somo limeingia.

Ila ujuzi huu huchuja upesi. Miezi michache bila mazoezi, mikono inasahau. Ninyi mnaopanga ratiba, msiuache uwe wa wiki ya kwanza ya ajira tu. Mtengeeni mwalimu muda ndani ya zamu, si baada ya zamu, na mdoli usifungiwe stoo.