Jadi au Watu: Kutoka kwa Ian Campbell hadi UB40

Mwaka wa kwanza wa masomo yangu ya uzamivu, rafiki mmoja alinipeleka Moseley Park, kusini mwa Birmingham, kwenye tamasha la muziki wa folk linalofanyika hapo tangu 2006. Nilikwenda shingo upande. Nilitazamia wazee wenye ndevu wakiimba habari za mabaharia waliokwisha kufa. Wazee wenye ndevu walikuwepo, tena wengi. Lakini kiitikio kilipofika umati mzima uliitikia bila kuombwa, na mimi niliyekulia kwenye taarabu, ambako msikilizaji hujibu kwa kuinuka na kwenda kutunza, nilijikuta naitikia maneno nisiyoyajua. Nilifurahi mno. Swali langu tangu siku ile ni iwapo furaha ya namna hiyo inamdai msikilizaji chochote.

Neno folk huwa tunalifasiri kuwa muziki wa jadi, na hapo ndipo tunapoteleza. Kiingereza kinataja watu. Sisi tunataja mababu. Kwa tafsiri yetu Ian Campbell hana nafasi, maana wimbo wake mashuhuri, “The Sun Is Burning”, haukurithiwa kwa babu yeyote. Aliutunga mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa harakati za kupinga silaha za nyuklia. Campbell mwenyewe alikuwa mhamiaji, Mskoti ambaye familia yake ilitoka Aberdeen kuja Birmingham. Mwaka 1962 kundi lake lilirekodi “Ceilidh at the Crown” mbele ya hadhira, katika baa ya mtaa wa Station Street, na sauti za wasikilizaji ni sehemu ya rekodi ile.

Ufundi wa wimbo huo ni wa hila. Lahani ni ya kubembeleza mtoto, siku inapita taratibu kutoka mchana hadi machweo, na msikilizaji anakwisha kulegea ndipo jua linaposhuka duniani na kugeuka bomu. Simon na Garfunkel waliurekodi mwaka 1964, wakautia uzuri zaidi. Nadhani waliuzidishia. Hapo ndipo nina shaka nao: wimbo unaomboleza wote bila kumshtaki yeyote. Hakuna aliyeagiza bomu, hakuna aliyelirusha. Ni rahisi sana kuuitikia.

Mjini humo humo palikuwa na njia nyingine. Charles Parker, mtayarishaji wa BBC aliyefanya kazi Birmingham, alishirikiana na Ewan MacColl na Peggy Seeger kutengeneza “The Ballad of John Axon”, iliyorushwa 1958. Inahusu dereva wa garimoshi aliyekufa 1957 akijaribu kulizuia treni lake lililokatika breki. Badala ya kuwapa waigizaji maneno ya wafanyakazi, kama ilivyokuwa desturi ya redio, Parker alibeba kinasa sauti, akawaacha wafanyakazi wa reli na mjane wa Axon waseme wenyewe, na nyimbo zikasukwa kati ya kauli zao. Mtu ana jina, na kifo chake kina sababu.

Mrithi wa kazi hiyo simtafuti miongoni mwa wapiga gitaa wa tamashani. Ali na Robin, wana wa Ian Campbell, walishika rege, muziki wa majirani zao wenye asili ya Karibi, wakaunda UB40 pamoja na wenzao weusi na weupe. Jina la bendi ni namba ya fomu ya wasio na kazi. Wapenzi wa folk wanaweza kuliona hilo kama kuasi nyumba ya baba. Mimi naona ni kulichukua neno “watu” kwa maana yake kamili, kwani watu wa Birmingham walikuwa wamebadilika. Wimbo unaofungua albamu yao ya kwanza, “Signing Off” ya 1980, ni “Tyler”, juu ya Gary Tyler, kijana Mmarekani mweusi aliyetiwa hatiani kwa mauaji na baraza la wazee wa mahakama weupe watupu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelekezwa. Siti binti Saad alikwisha kuifanya kazi hiyo Unguja katika “Kijiti”: mwanamke ameuawa, mtuhumiwa amevuka bahari kwenda bara, na waliotoa habari mahakamani ndio walioadhibiwa. Wimbo huo ni rufaa iliyosikilizwa barazani, na watu waliuchezea huku wakijua nani amedhulumiwa. Sikubaliani na wanaosema ngoma huua ujumbe. Ngoma ndiyo iliyolihifadhi shauri lile baada ya mafaili ya mahakama kufunikwa.

Gary Tyler aliachiwa huru mwaka 2016, baada ya kukaa kifungoni zaidi ya miaka 40. Wimbo wake ulikuwa umechezwa kwa miaka 36 kati ya hiyo, pengine mara nyingi na watu ambao hawakujua kwamba angali hai.