Nepi Iliyofuliwa Inaponuka Ikilowa

Nepi 24 za taulo zilikuwa kwenye kamba uani, nyeupe, bila doa. Ukinusa moja ikiwa kavu hupati kitu ila jua. Lakini mtoto akiikojolea tu, kabla sijafika na nyingine mkononi, harufu kali ya kuchoma pua imeshapanda. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwangu Dar es Salaam, wiki ya tatu baada ya kujifungua. Kila siku niliongeza sabuni, na kila siku harufu ilizidi. Shangazi, aliyekuja kutoka Tanga kunilea arobaini, alichukua nepi moja, akaipitisha shavuni, akaniuliza: "Mwanangu, hii unaifua au unaipaka sabuni?"

Nimelifikiria sana swali hilo, maana jibu la tatizo lote lilikuwa humo.

Tuanze na mkojo wenyewe. Mkojo wa mtoto mchanga ukitoka hauna harufu ya kutisha. Ndani yake mna urea, ile ile ambayo wakulima huinunua kwa mifuko na kuitia mahindi. Urea hainuki. Kinachonuka ni amonia, na amonia hutokea pale bakteria wanapoivunja urea kwa kimeng'enya chao. Mwaka 1921 daktari J. V. Cooke wa St. Louis, Marekani, aliandika juu ya vidonda vya makalioni kwa watoto wachanga, akaeleza kuwa kuna bakteria wa kinyesi anayeigeuza urea ya kwenye nepi kuwa amonia. Alimwita Bacillus ammoniagenes, mzaa amonia. Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa amonia peke yake si mkosaji mkuu wa ngozi kuchubuka. Kosa lake ni kuifanya nepi iwe na alkali, na alkali hiyo huvipa nguvu vimeng'enya vya kinyesi, navyo ndivyo vinavyokula ngozi. Kwa hiyo mama anayesikia amonia na kuibadilisha nepi haraka hasumbuliwi na pua tu. Anamlinda mtoto.

Bakteria hao wanahitaji muda, unyevu na joto. Ndoo yenye kifuniko, iliyojaa nepi za tangu magharibi hadi asubuhi, katika joto la pwani, inawapa vyote vitatu. Hilo nililijua, na nepi zangu sikuzilaza. Mbona basi zilinuka papo hapo zikilowa?

Kwa sababu ya kilichobaki ndani. Uzi wa taulo una vitanzi maelfu, na kila kitanzi ni mahali pa kujificha. Bakteria wakipata utando wa kujishikiza, kufua hakuwang'oi. Wanakauka pamoja na nepi, na tone la kwanza la mkojo linawaamsha. Utando huo niliuweka mimi mwenyewe, kwa sabuni.

Hapo ndipo maji yanapoingia. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyake hupita katika chokaa kabla ya kufika kwenye ndoo. Ni maji magumu, yenye kalisi na magnesi. Sabuni ya mche ikikutana na kalisi haitoi povu kwanza. Inaganda, inakuwa takataka ya kijivu isiyoyeyuka, ile unayoiona imezunguka beseni kama pete. Pete hiyo ya beseni unaisugua ikatoka. Iliyoko ndani ya taulo huioni. Inaufanya uzi uwe mgumu, inazuia maji yasipenye, na inawapa bakteria makao. Nami kila nikiona povu halitoshi niliongeza sabuni, yaani niliongeza takataka. Ndiyo maana shangazi aliipitisha nepi shavuni. Alikuwa akisikiliza ugumu.

Jaribio lake la pili lilikuwa tone la maji. Alichovya kidole, akadondosha tone juu ya nepi kavu. Lilikaa pale duara kama umande juu ya jani la mgomba. Pamba safi hunywa tone mara moja. Pamba iliyopakwa kitu hulikataa, na kitu hicho kinaweza kuwa sabuni iliyoganda, dawa ya kulainishia nguo, au mafuta ya mgando tunayowapaka watoto makalioni. Hayo ya mwisho yanasahaulika sana. Ukitaka kupaka mafuta, tandika kipande cha khanga kuukuu juu ya nepi, kiyapokee.

Sasa alichokifanya. Alitia magadi kwenye pipa la maji ya kisima, akakoroga, akaliacha. Magadi, yale yanayotoka maeneo ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi, ambayo wengine huyatia katika maharage yaive haraka, yana sodiamu kabonati kwa wingi. Kabonati huikamata kalisi kabla sabuni haijakutana nayo, ikawa unga mweupe unaozama. Maji yalichafuka, kisha yakatulia. Shangazi alichota ya juu tu, ya chini akamwaga. Sijaona darasa la kemia lililonieleza jambo hilo vizuri kuliko lile pipa.

Alichemsha maji hayo, akaloweka nepi zote usiku kucha bila sabuni. Asubuhi aliyavuruga kwa mwiko, na povu likapanda. Hakuna aliyetia sabuni siku ile. Lilikuwa povu la sabuni yangu ya wiki tatu. Alimwaga, akarudia, mpaka maji yakatulia bila povu.

Kuanzia hapo kufua kulibadilika mpangilio. Nepi ya kinyesi ilikung'utwa chooni na kusuuzwa papo hapo kwa maji baridi. Baridi, kwa kuwa moto hugandisha protini ya kinyesi kwenye uzi, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango. Nepi ya mkojo nayo ilisuuzwa mara mbili bila sabuni, urea itoke kabla bakteria hawajaifikia. Sabuni ilikuja baadaye, kidogo, katika maji ya moto yaliyolainishwa, na kufikicha kukawa kwa muda mfupi kuliko nilivyozoea. Kisha kusuuza mara tatu, wakati mwingine nne, mpaka nepi iache kuteleza mkononi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaopima usafi kwa mikono iliyochoka kufikicha. Kazi kubwa ya nepi ni kusuuza, mara ya kwanza kutoa mkojo na mara ya mwisho kutoa sabuni, na mwenye maji machache ni heri apunguze sabuni kuliko kupunguza maji ya kusuuzia.

Maji ya mwisho alikamulia nusu ndimu iliyochujwa. Asidi yake inaua alkali ya magadi iliyobaki, maana alkali ikiachwa kwenye nepi inaiumiza ngozi ile ile tunayoilinda.

Ndimu au siki isikutane kamwe na jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Wala jiki isimiminwe juu ya nepi zenye mkojo ambazo hazijasuuzwa, kwani klorini na amonia huzaa mvuke unaodhuru mapafu, na bafu zetu nyingi hazina hewa ya kutosha. Na ndoo ya kuloweka, ikiwa nyumbani kuna mtoto anayetambaa, iwekwe juu au ifunikwe sawasawa. Maji ya kina cha shubiri yanatosha kumzamisha.

Bluu niliyokuwa nikitia ziwe nyeupe zaidi ilidanganya macho tu. Doa la manjano la mtoto anayenyonya huondolewa na jua. Sehemu ya rangi hiyo ni bilirubini, rangi ya nyongo, nayo huvunjika ikipigwa na mwanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona kuwa watoto wenye umanjano aliowatoa nje walipungua umanjano pale jua lilipowagusa. R. J. Cremer na wenzake wakalichunguza, wakachapisha mwaka 1958, na taa za kutibu umanjano zikaanzia hapo. Nepi ianikwe ingali mbichi, upande wenye doa ukilitazama jua.

Ianikwe kwenye kamba, isitandazwe majanini. Afrika Mashariki na Kongo kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizowekwa chini au zinazokauka kivulini. Funza wake huingia kwenye ngozi na kufanya jipu. Jua kali husaidia, ila msimu wa mvua pasi ya moto pande zote mbili ndiyo kinga, na shangazi hakuwa na mjadala juu ya hilo.

Mtoto alipoacha nepi, nilitaka kuziweka sandukuni na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Shangazi alivikataa kwa simu. Vingi vimetengenezwa kwa naftalini, na mvuke wake hubaki ndani ya nguo. Mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ambao si adimu pwani kwetu, akivishwa nguo hizo chembe nyekundu za damu yake hupasuka na umanjano humpanda kwa kasi. "Weka karafuu, mwanangu," alisema, "na kabla ya kuzitumia tena, zifue."

Mimba ya pili ilipofika mwezi wa nane nilifungua sanduku, nikazifua, nikazianika. Zilipokauka nilichovya kidole na kudondosha tone. Taulo likalinywa kabla sijainua mkono.